Risasi Ulizoziweka kwa Siku Yenyewe

Flati ya 9, Hartsbrook House,
Barking, London.
Jumanne, 9 Novemba 1993

Mpendwa Francis,

Pokea salamu kutoka huku kwenye ukungu na umande. U hali gani wewe, na Lydia, na hilo bega lako? Sisi hatujambo. Goti langu linalalamika tangu Oktoba, lakini linalalamika huku likitembea, kwa hiyo sina la kulishtaki. Serah amenipita urefu. Namwambia kwa Kiswahili aoshe vyombo, ananijibu kwa Kiingereza kwamba ataviosha, na vyombo vinabaki vichafu katika lugha zote mbili.

Wale wa uhamiaji wa Croydon wamenirudishia pasipoti. Nilipanga foleni tangu alfajiri, nikafika dirishani, yule binti akaniuliza kama nimefurahia kukaa Uingereza. Nikamwambia kwamba sehemu kubwa ya huko kukaa nimekaa hapo nje kwake. Akagonga muhuri bila kucheka.

Sasa turudi kwako. Barua yako ilifika Alhamisi, pamoja na picha na ile karatasi yako ya shabaha iliyokunjwa mara nne. Ukurasa wa kwanza nilicheka. Wa pili sikucheka, na mpaka leo sijacheka. Nimekupigia simu mara mbili, nikapokelewa na ile mashine yenye sauti ya Lydia, nikaweka chini. Niliyo nayo si ya kusikika sebuleni kwa watu. Basi soma hii ukiwa peke yako, kisha uisome tena.

Uliniomba nikuulizie kwa Mzee Kuldip kuhusu hiyo bunduki yako ya kuwindia kulungu na wakwe, na nimefanya hivyo. Nilikwisha kukuambia habari zake: ndiye yule Kalasinga ninayemhudumia Jumatatu hadi Ijumaa, kumwogesha, kumpa dawa na kubishana naye. Alikuwa fundi wa bunduki Nairobi miaka thelathini, mpaka serikali ilipopiga marufuku uwindaji, akabaki na duka zima la vifaa visivyokuwa na mwenyewe. Akaja huku kwa mwanawe. Mwana anamwita Papaji, mimi namwita Fundi, na nadhani Fundi ndilo analolipenda zaidi. Kabla ya kumuuliza nilikwenda maktaba kuazima kitabu cha bunduki, nisije nikaonekana mjinga. Yule wa maktaba aliniangalia mimi, akaangalia kitabu, akaniuliza kama ni kwa kazi ya shule ya mtoto. Nikasema ndiyo.

Fundi alitandaza karatasi yako juu ya meza, akaitazama kwa kioo chake cha kukuzia kama daktari anavyotazama picha ya kifua. Mkaza mwanawe, Parminder, akapita na chai.

"Papaji, hiyo bunduki iko wapi?"

"Iko Amerika."

"Basi ikae huko."

Fundi akaweka kidole kwenye matundu yako matatu ya kwanza, yale ambayo kifuniko cha soda kingeyafunika yote. "Hizi tatu, bunduki ndiyo napiga." Kidole kikashuka kushoto, kwenye yale manne yaliyotawanyika. "Hizi nne, bega ndiyo napiga. Mama Serah, huyu kijana nafunga macho."

Usikatae. Wewe mwenyewe uliandika kwamba bega limegeuka rangi ya zambarau, tena kwa majivuno, kana kwamba umetunukiwa nishani. Fundi anasema mwili ukishaumizwa mara tatu, ya nne unajikunja kabla bunduki haijalia, na mtutu unainama nao. Bunduki ya namba kumi na mbili, kama yako, inapiga teke kama punda. Namba ishirini ni nyembamba na pole zaidi. Usiniulize kwa nini namba kubwa ndiyo bunduki ndogo, Waingereza ndio waliopanga. Kama kuna mtu wa kukuazima ya namba ishirini, azima. Kulungu hatajua tofauti.

Bunduki yako yenyewe hajaikataa. Ila anasema ushike mtutu kwa mkono mmoja na mwili wa bunduki kwa mwingine, uisukesuke. Mitutu ya kubadilisha, kama huo uliounua, ina tabia ya kucheza. Ikicheza hata kwa unene wa ukucha, mpelekee fundi aikaze, kwani hapo karibu ukucha ni ukucha, lakini hatua mia mbele ukucha unakuwa mkono mzima. Na kifyatulio nacho, kama ni kizito mpaka unakunja uso kukivuta, akilainishe huyohuyo fundi. Wewe usikiguse.

Mpaka hapo mzee alikuwa anafurahi. Miezi mingi sijamwona akila biskuti tatu kwa mkupuo mmoja. Kisha akauliza haya matundu yamepigwa kwa risasi gani, nikamsomea barua yako. Nakunukuu usije ukanikana: "Shangazi, mazoezi nimefanya kwa zile za bei nafuu. Zile nzuri nimeziweka kwa siku yenyewe."

Akaweka kikombe chini. Akaniambia nisome tena. Nikasoma.

"Hajapiga hata moja ya ile nzuri?"

"Hata moja, Fundi."

"Basi hajui bunduki yake napiga wapi. Najua ya ile ingine tu."

Sasa nisikilize, maana nimeelezwa hili mara nne mpaka nimeweza kumweleza Serah. Marisau hutawanyika, lakini hizo mnazoziita slagi huko Ohio ni risasi moja nene peke yake, na risasi moja lazima ijue inakokwenda. Zile zako za bei nafuu ni donge la madini ya risasi lililochongwa mistari ubavuni. Zilitengenezwa kwa mtutu laini. Zile za ghali ni nyembamba, zimevishwa koti la plastiki. Koti hilo ndilo linalong'ang'ania mifereji ya ndani ya mtutu, risasi inazungushwa, na ikitoka nje koti linaanguka. Wewe umenunua mtutu wenye mifereji, ukaulisha risasi za mtutu laini, ukaurekebishia darubini kwa hizo, na sasa unataka kwenda vitani na nyingine. Hatua mia mbele zinaweza kupishana futi nzima, juu, chini au pembeni, na hakuna ajuaye ni wapi mpaka uwe umeshafyatua.

Na sikulaumu, kwa sababu najua ulikojifunza. Kabati la vioo la mama yako pale Wundanyi, vile vikombe kumi na viwili vya maua na birika lake. Tulivipangusa kila Jumamosi, chai tukanywea vikombe vya bati. Kisha padri akaja, birika likatolewa kwa mara ya kwanza tangu dukani, na mama yako alipoinama kumimina, kifuniko kikatoka na chai yote ikaingia mapajani mwa padri. Halikuwa birika baya. Lilitaka tu kushikwa kifuniko kwa kidole, na katika miaka tisa hakuna aliyewahi kumimina nalo akajua. Ndivyo tulivyo watu wa kwetu, kizuri tunakitunza mpaka siku ya kutuaibisha. Padri aliungua kidogo akatusamehe.

Fundi hakucheka nilipomsimulia. Aliniambia kwamba mwaka wa sitini na tisa alimrekebishia mteja bunduki, wakaijaribu pamoja, ikawa inapiga palepale. Mteja akaenda porini na risasi nyingine, sanduku alilokuwa amelihifadhi kwa ajili ya nyati. Risasi ya kwanza ilimpata mfuata nyayo wake, mtu wa Kitui. Mguu ukakatwa juu ya goti.

"Mimi nilienda hospitali kuona yeye," akasema. "Akauliza mimi, Fundi, ile bunduki ilikuwa na kosa? Nikasema hapana. Na ni kweli, kosa hapana. Lakini mimi sikuuliza ile bwana, risasi ya siku yenyewe iko wapi. Basi sasa mimi nauliza."

Kisha akaomba penseli, akataka kujua utasimama wapi, nikamsomea na hiyo sehemu. Kwamba baba mkwe na wenzake watano watatembea kupitia ule msitu mdogo wakiwafukuza kulungu, na wewe utakuwa peke yako kwenye pembe ya mwisho, kwa kuwa wewe ndiye mwenye shabaha. Akachora nyuma ya bahasha ya bili ya gesi: msitu, vitone sita, na kitone kimoja kwenye pembe. Akachora mnyama. Akavuta mstari kutoka kwako mpaka kwa mnyama, akaupitisha, ukaendelea mpaka ukagusa kitone cha katikati.

"Huyu nani?"

"Baba mkwe."

"Miaka ngapi?"

"Sabini na mmoja."

"Basi natembea pole pole. Atakuwa nyuma ya mnyama."

Bahasha hiyo nimeitia humu. Iangalie.

Cha kufanya ni hiki, na zimebaki wiki mbili na ushei kabla ya tarehe ishirini na tisa, siku ya kuwinda, ukiondoa siku ambazo barua hii iko njiani. Safisha mtutu mpaka mabaki yote ya madini yatoke, kwa dawa na brashi ya shaba. Kisha toa zile nzuri kwenye sanduku, sanduku hilohilo utakalokwenda nalo. Keti mezani, bunduki juu ya mifuko ya mchanga, taulo nene begani, vizibo masikioni. Tatu kwa hatua hamsini, uache mtutu upoe mpaka uweze kuushika. Tatu tena. Kisha hatua mia. Zikikaa pamoja mahali ambapo siyo, rekebisha darubini. Zikitawanyika, nunua aina nyingine uanze upya, kwa sababu kila mtutu una chakula chake na hausomi bei. Ukijikuta umefunga macho, acha, rudi kesho. Zikiisha, nunua za namna ileile. Usiniambie ni ghali.

Na siku yenyewe usipige kitu ambacho nyuma yake huoni udongo. Fundi aligonga meza aliposema hilo, chai ikamwagika, Parminder akaja na kitambaa na uso wake.

Hayo ni ya bunduki. Lililobaki si la bunduki.

Pembe ile hukupewa kwa shabaha yako, Francis, maana hakuna aliyekuona ukipiga. Umepewa kwa maneno. Umewaambia kwamba baba yako alikuwa askari wa wanyama pori wa Tsavo na kwamba mmewinda pamoja tangu ukiwa mdogo. Solomon, kaka yangu, Mungu amrehemu, alikuwa karani. Alipiga chapa barua za idara kwa vidole viwili, na bunduki alizozishika alizishika kwa kalamu, kwenye orodha ya vifaa. Marufuku ya uwindaji ilipotoka wewe ulikuwa na miaka kumi, na ulichokuwa umeua ni panya wa ghalani, mmoja, kwa mlango.

Najua ulivyofika huko. Meza ya wakwe, nyama katikati, watu wote wanakutazama wakingoja useme jambo la Afrika. Mimi mwenyewe nilipoanza kazi hapa niliwaambia najua kuendesha ile mashine ya kumwinulia mgonjwa, na nikamwacha bibi mmoja wa watu ananing'inia hewani dakika kumi, miguu inapepea, ananiuliza kwa adabu kama ndivyo inavyofanywa. Nilimshusha, nikasema sijui, nikafundishwa. Aibu ilikwisha wiki moja. Mashine ile lakini haiwezi kumfikia mtu aliye hatua mia na hamsini.

Kwa hiyo nenda kwa baba mkwe kabla ya siku hiyo umwambie ukweli. Umwambie mwaka huu utasimama karibu naye, au utatembea na wale wanaofukuza, mikono mitupu. Mzee anayewinda tangu utoto wake atakuheshimu zaidi kwa hilo kuliko kwa kulungu, na kama hatakuheshimu, atakuwa hai akikudharau.

Msalimie sana Lydia, umpe pole ya mafua. Salamu kwa baba mkwe na mama mkwe ambao hatujaonana. Binamu yako Mghoi ameandika kutoka Voi, amejifungua salama mtoto wa kike, nao wanakusalimu wote. Serah anakusalimu, kwa Kiingereza. Fundi Kuldip hakusalimu, amesema atakusalimu mwezi wa kumi na mbili. Mungu akulinde, awalinde na wale watakaokuwa mbele yako.

Ni mimi nikupendaye, hata kwa maneno makali,
Shangazi yako,
Dinah Wakesho

Nimesahau jambo. Barua hii naiposti leo nikienda kazini. Iko nyingine, ya kwenda kwa Lydia, Serah amenisaidia Kiingereza chake, ina stempu na imo mkobani mwangu. Naiposti Jumamosi, kwa hiyo una kama siku nne za kumtangulia. Ni fupi. Inasema Solomon alikuwa karani, na kwamba akuombe umwonyeshe karatasi mpya ya shabaha, ya zile risasi nzuri.