Jiko la Alfred Halibomolewi

Mwaka umetimia, Baba Natasha, tangu ulipotutoka Jumanne ile asubuhi. Waliosema moto utazimika pamoja nawe bado wanangoja. Wangoje tu!

Tunacheka hadi leo tukikumbuka ulivyopiga simu Kericho kutoka huku Marekani ukatangaza, "Nimepata jiko Saint Paul!" Lo! Huko nyumbani wakaelewa umeoa mke wa pili. Kaka yako Harrison akaitisha kikao cha ukoo, na mkeo Philister akakununia siku mbili nzima. Kumbe ulikuwa umekodi duka la mkate lililofungwa zamani, lenye jiko la matofali ambalo Waswidi walilijenga miaka mia moja iliyopita.

Ulikuwa ukitoka shifti hospitalini, unalala kidogo, halafu una-drive kutoka nyumbani Brooklyn Park kwenda kukwangua masizi. Marafiki wakakucheka: "Nunua la umeme, bwana!" Ukawajibu ya kale ni dhahabu, ukaendelea kukwangua.

Mandazi yako yalinukia iliki. Siku moja mama mzee wa Kiswidi, Susan, aliingia, akanusa, akalia. Nyanya yake alikuwa akitia iliki hiyohiyo kwenye mkate, akiuoka katika jiko hilohilo. Ukamvalisha aproni. Mkate wake na mandazi yako vikaleta watalii kwa mabasi, kinyozi akafungua duka mlango wa pili, na mtaa uliokuwa umekufa ukaanza kukosa pa kuegesha gari.

Sasa mwenye jengo anataka kulibomoa. Mwezi jana, kwenye mkutano wa mtaa, alisema jiko halina mwenyewe tena. Philister akasimama na aproni yako, ingali na unga. Unamjua, hapandishi sauti.

"Kwetu mke ndiye huitwa jiko," akasema. "Mkitaka kubomoa jiko la Alfred, anzeni na mimi."

Susan akasimama kando yake. Kinyozi naye akasimama, kisha ukumbi mzima. Uamuzi bado haujatolewa, lakini Jumamosi hii tunaoka kama kawaida. Atakayekuja na nyundo atatukuta ndani.

Unakumbukwa na mkeo Philister; binti yako Natasha, aliyekuwa akikujibu kwa Kiingereza tu, na sasa huwaambia watalii, "Hili ni jiko la baba"; dada yako Chepkemoi wa Apple Valley; Harrison, ambaye bado anaona aibu ya kile kikao; na Susan, ambaye sasa ni wetu.

Hatutakusahau kamwe, Alfred. Majiko yako yote mawili bado yanawaka.