Mama Mkwe Anadhani Shokapu Imekufa

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, tena wa haraka, maana Jumamosi mama mkwe anakwenda kugombana na muuza baiskeli na mwenye kosa ni mimi. Mimi naoka keki na kuwapelekea wateja mwenyewe, na zamani nilikuwa na baiskeli ngumu iliyonitia ganzi viganjani, sasa mama mkwe, ambaye siku za mwanzo hata salamu yangu aliijibu huku anatazama dirisha, aliugua nikamwogesha na kumlisha mpaka akasimama, na alipopona akaninunulia baiskeli yenye shokapu mbele, akaniambia, "Mwanangu, nakuonaga unavyosugua viganja ukirudi, chukua hii," nikalia mbele za watu, mshauri, na hadi leo nikiishika moyo unanijaa.

Kwa hiyo usidhani sina shukrani, ninayo tele, ila njiani kuna mlima wa lami, na nikisimama kwenye pedali mbele kunazama na kupanda, kunazama na kupanda, nguvu zote zinaishia humo, ndipo fundi akanionyesha kitufe juu ya shokapu, ukikizungusha inajifunga, na kweli nikapanda kama nasukumwa mgongoni, basi nikaona mambo yamekwisha, nikakiacha kimefungwa, tena nikakizungushia utepe mweusi kisije kikajifungua.

Kumbe mama mkwe ana mtindo wake, kila nikirudi anabonyeza usukani ili majirani waone unavyonesa, na juzi akabonyeza, kimya, akabonyeza tena, kimya, akasema, "Imekufa! Yule mtu kaniuzia mimi kitu kibovu?" nami nikaogopa nikisema nimeifunga ataona nimeikataa zawadi yake, na mume wangu ananiambia, "Nyamaza tu, mama atasahau," lakini hajasahau, ameshamwita hadi kaka yake wamwendee huyo muuzaji pamoja, na hapa nikuandikiapo ganzi imerudi, na jana kwenye kichochoro cha kokoto maua ya krimu yote yalimomonyoka. Nifanye nini?

Mwoka keki niliyebanwa

*

Mwoka keki wangu,

Pole, na hongera pia. Wengi huniandikia kuhusu mama mkwe, ila kesi ya kupendwa mpaka unakosa usingizi ndiyo kwanza naipata. Umshukuru Mungu kwa hilo, halafu ukae vizuri nikuseme.

Nani alikwambia kitufe hicho ni cha kuchagua upande mmoja mpaka uzeeke? Kwenye lami laini na mlimani, hasa ukisimama kwenye pedali, funga. Kwenye kokoto, mashimo na kila unapoteremka, fungua, na ufungue kabla hujaingia, maana ukilivaa shimo ikiwa imefungwa utaumia wewe na shokapu yenyewe inaweza kuharibika. Hapo mama mkwe atakuwa na haki ya kugomba, ila na wewe. Na mwinuko mdogo hauhitaji kufungwa chochote: kaa kwenye kiti, kanyaga taratibu, baiskeli itatulia. Huo utepe ubandue sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma.

Mumeo anamjua mama yake kuliko mimi, lakini mtu aliyekwisha kumwita kaka yake hasahau. Na yule muuzaji amekukosea nini mpaka atukanwe mbele ya wateja wake kwa ajili ya aibu yako? Hata kama yeye atanyamaza, wewe utapitaje tena mbele ya duka lake?

Usingoje Jumamosi. Leo hii msogezee mama baiskeli, umwambie: "Mama, haijafa. Niliifunga mimi, nikanyamaza kwa kuogopa utadhani sijaipenda." Mwonyeshe kitufe, akizungushe kwa mkono wake mwenyewe, abonyeze mpaka aridhike. Atafoka, mwache afoke, na usimkatize kwa kujitetea. Akimaliza mshukuru tena kwa sauti, mumeo akisikia.

Mama huyu aliiona ganzi yako kabla hujamwambia mtu. Kila anapobonyeza ule usukani anataka kujua kama mikono yako bado inauma. Mwambie ukweli kwamba inauma, na kwamba kuanzia kesho utaitumia zawadi yake inavyotakiwa.