Kwa Nini Sikushika Jeneza

Chumba cha nyuma, nyumbani
9 Agosti

Mpendwa Shemeji Mrefu,

Nakusalimu kwanza, kabla hujaikunja barua hii. Hujambo? Mkeo hajambo? Na lile jino lililokuwa likikukosesha usingizi, umeling'oa au bado unalibembeleza? Sisi hapa tunaendelea. Binti yetu yuko nami, na paa la jikoni halivuji tena.

Nimeianza barua hii mara kadhaa nikaishia kwenye jino. Leo nitajikaza nivuke.

Siku tuliyomzika dada yako, ulishika kona moja ya mbele ya jeneza, na kona ya pili ikawa inanisubiri mimi. Watu wote waliniangalia. Nikatia mikono mfukoni nikasema, "Bebeni tu, mimi nitafuata nyuma." Jirani yetu seremala akaingia mahali pangu. Ukasema kwa sauti iliyofika hadi barabarani: "Ndoo za rangi kabeba maisha yake yote, leo mkono umekuwa mzito kwa mke wake?" Kisha ukaondoka bila kuniaga. Sikukulaumu. Maneno hayo hunijia kila ninapohangaika kuingiza mkono kwenye shati.

Kweli, shemeji, mkono ulikuwa mzito. Kama ningekishika kile kishikio, dada yako angeanguka pamoja nami mbele ya watu. Niliogopa hilo, na kulisema niliona haya.

Unakumbuka kazini waliniita Bwana Dari, maana dari zote zilikuwa zangu. Mwaka jana mabega yakaanza kunikatalia. Nikaomba nipewe milango, kisha nikaomba kupaka chini kabisa, pale ukuta unapokutana na sakafu. Wenzangu wakacheka: "Bwana Dari kashushwa cheo, sasa ni Bwana Sakafu!" Nikacheka nao. Kumbe huko chini nako kulikuwa na mtego, maana nikichuchumaa siinuki. Nilikuwa nasubiri watoke kwenda kunywa chai, ndipo nijivute kwenye fremu ya mlango kama mtoto anayejifunza kusimama.

Dada yako peke yake ndiye aliyejua. Asubuhi alinivuta kutoka kitandani akisema, "Njoo, gunia langu." Akiwa na haraka alinifunga vifungo vibaya, nikashinda na kola imekwenda upande. Alitaka twende hospitali, nikamwambia angoje tumalize kupaka ile shule. Tukaimaliza. Wiki ileile moyo wake ukasimama ghafla, kama ulivyosikia.

Baada ya mazishi nilikaa kwenye kiti cha sebuleni. Wageni waliingia na kutoka, nami sikusimama hata kumpokea mama mkwe. Nikawasikia wakinong'ona, "Huyu alimpenda mkewe, huzuni imemkata miguu." Nikainamisha kichwa. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza kwamba miguu ilikatika zamani.

Aliyenishtukia ni binti yetu. Alinikuta mbele ya kioo nimeuinua mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto ili nichane nywele.

"Baba, huo mkono umeuazima kwa nani?"

Alicheka, kisha akaona mimi sicheki. Kesho yake tulikuwa hospitali.

Daktari ni msichana wa rika la binti yetu. Alinipima damu, akachukua kipande kidogo cha msuli wa paja, halafu damu nyingine ikapelekwa maabara kubwa ili zitafutwe kingamwili. Mimi nilijua kingamwili ni kitu chema tu, cha kupigana na vijidudu. Akasema kwa kawaida ndivyo, ila kwa watu wachache sana mwili hutengeneza kingamwili zinazoishika misuli yake wenyewe kana kwamba ni ugonjwa. Nikalielewa jambo hilo kwa kazi yangu. Ni kama fundi aliyetumwa kukwangua rangi iliyobabuka, akaendelea na plasta, akaendelea na matofali, na hakuna wa kumwambia basi.

Aliniambia pia kwamba ziko za aina nyingi, na kuna mambo ambayo hata wataalamu bado wanabishania: nyingine labda ndizo zinazobomoa, nyingine labda ni alama tu kwamba ubomoaji unaendelea. Lakini aina ikijulikana, daktari anajua achunge nini, mapafu, ngozi au moyo. Yangu hupenda mapaja na mabega. Vidole imeviacha, ndiyo maana mwandiko wangu unasomeka.

Nikamuuliza, "Kwa hiyo si huzuni, daktari?"

"Hapana, mzee. Huzuni haionekani hivi kwenye damu. Hii ilianza kabla hujafiwa."

Wengine wangefurahi. Mimi niliona aibu upya, kwa sababu heshima yote niliyopewa kwenye kile kiti haikuwa yangu. Huzuni ninayo, shemeji, tena nyingi. Ila siyo iliyonikalisha.

Sasa nameza vidonge vya kuituliza hiyo kinga, na nguvu zinarudi kidogo kidogo. Juzi niliinuka mezani bila kushika kitu, binti akapiga makofi peke yake hadi sufuria ikaungua. Lakini dawa imenijaza uso, mashavu ni kama ya mtu aliyeoa juzi. Nikipita dukani najua wanasema mfiwa amenawiri. Ukiniona usishtuke, wala usidhani nimesahau.

Binti ameniambia mwezi ujao unakuja kulijengea kaburi. Sitaweza kubeba tofali wala kukoroga saruji, na safari hii sitatia mikono mfukoni, nitasema wazi. Lakini ule ukuta wa kichwani mwa kaburi, wa kuandikwa jina, hautapita kiuno, na brashi nyembamba haina uzito. Zamani, nikiandika majina ya maduka, dada yako alinishikia ngazi huku akinisomea herufi moja moja nisikosee. Mara moja tulikosea tukacheka mpaka mwenye duka akatoka nje. Jina la dada yako sitalikosea.

Wasalimie mkeo na watoto. Mwambie mama mkwe nikimwona nitasimama, hata kama itachukua muda. Shangazi aliyenifunga vifungo vya shati siku ya mazishi naye asinisahau. Mungu akufikishe huku salama.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Naomba tu, siku mtakapogawana kazi pale kaburini, unikumbuke.

Shemeji yako, ambaye hajaacha kukupenda,
Bwana Sakafu