Aliyelimaliza Bando

Jumatano, 14 Mei 2025, saa 12:30 asubuhi, manyunyu.

Wahida mwanangu,

Chai imo kwenye chupa. Usiunganishe kompyuta na intaneti kabla ya kusitisha hifadhi ya mtandaoni.

Nimekagua matumizi ya data: tamthilia zako hazimo. Aliyelimaliza bando ni mimi. Video ya maulidi niliyoiweka kwenye kompyuta Ijumaa, hifadhi hiyo imekuwa ikiipandisha mtandaoni kimyakimya, ikikatika na kuanza upya.

~~Hata hivyo, nawe simu huiachi.~~ Nimefuta, hilo halihusiki.

Jana ulipokana kulimaliza bando, nilikuita mwongo mbele ya shangazi yako. Ukasema, "Baba, iulize basi hiyo kompyuta yako," nami nikakuona mjeuri. Nilipokuwa shule ya bweni tulifunzwa kwamba kosa la hadharani hukiriwa hadharani. Namfuata shangazi yako kwake Msata kumweleza.

Radhi unayonidai nailipa: ulisema kweli, nami nilikudhulumu.

Baba yako