Kwa Mama Shuka, Tuliyemficha Mno

Mama, mwaka umetimia tangu mchana ule ulipovuta pumzi, tukangoja uvute nyingine, usivute. Leo tumekaa sebuleni kwa Baba kuandika maneno haya, na kama unavyotujua, tumeanza kwa kugombana.

Kaka mkubwa alikuja na karatasi aliyokwisha kuiandika. Ilisema ulikuwa mpole maisha yako yote na hukuwahi kumwinulia mtu mkono. Akaisoma kwa sauti yake ya msibani, ile nzito. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Huyo ni nani?"

Tukacheka. Baba akasema tuandike ya kweli, yote, na atakayeona aibu basi aone yeye na nafsi yake. Kalamu ameshika binti yako wa kati, yule uliyempa jina la Karani hata kabla hajaajiriwa ukarani pale shuleni. Habari nyingi ni zake, maana ndiye aliyekuhangaikia kuliko sisi wote. Lakini maneno ni yetu sote.

Miaka ishirini na sita ulifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali. Mashine sita zikinguruma kwa pamoja, mvuke mpaka darini, na wewe katikati yake na kilemba cheupe, ukiwaamrisha watu kwa kidole kwa sababu sauti haikufua dafu mle ndani. Hospitali nzima ilikuita Mama Shuka. Shuka ambalo pembe zake hazikukutana ulilikunjua ukalikunja upya, hata kama si lako. Jirani akianika nguo zake ovyo, ulivuka ua ukaenda kuzianua, ukazikunja, kisha ukamlaumu kwa kukuchosha. Na mgonjwa asiye na mtu wa kumfulia, nguo zake chache ulizichukua kimya kimya ukazirudisha zimenyooka. Akikushukuru ulimnunia.

Mashine zile zilikula sikio lako la kulia. Ulijua, tukajua, na habari ikaishia ndani ya nyumba, kwa sababu uliogopa kwamba wakubwa wakijua watakutoa kazini. Ukatufundisha tungali wadogo: tusimame kushoto kwako, na mgeni akiuliza jambo usilolisikia, mmoja wetu adakie haraka kabla hajashtuka. Kazi hiyo tuliifanya vizuri mno. Tulikua tukidhani kila familia ina upande wake wa kusimama.

Kwa hiyo ugonjwa wa kusahau ulipoingia, tuliuficha vilevile. Uliposahau jina la mjukuu, tulidakia. Ulipomtukana mchungaji wa watu, tulisema umechoka. Ulipoanza kupiga, tulifunga madirisha.

Tuseme wazi, Mama, kwa kuwa tumekubaliana tuseme. Ulitupiga. Ulimng'ata mke wa kaka mkubwa begani. Na asubuhi moja ulimpiga Baba kwa pasi, iliyokuwa baridi kwa bahati tu, ukamvunja mkono. Hospitalini Baba akasema ameteleza bafuni. Akasema hivyo kwa daktari, kwa majirani, na kwa sisi wanawe tuliokuwa tumeiona pasi sakafuni.

Ndipo Karani akaanza kuzunguka kukutafutia mahali. Nyumba ya kwanza ya wazee ilikuwa safi, na mama mwenye nyumba alikuwa na uso wa bashasha. Fomu ilikuwa na swali moja: je, mgonjwa huwa na hasira? Karani akaandika, "Mara chache." Ulikaa siku kumi na moja. Nyumba ya pili waliuliza swali hilohilo, akaandika, "Hapana." Huko ulimtandika mhudumu kwa jagi la maji alipokuja kukubadilisha nguo, akashonwa nyuzi nne. Mwenye nyumba akampigia Karani simu Jumanne, akamwambia kwa adabu kabisa kwamba ikifika Ijumaa saa sita watakuwa wamekufungashia.

"Mleteni nyumbani," Baba akasema. Alikuwa bado na plasta, akijifunza kufunga vifungo kwa mkono mmoja. "Mimi simwogopi mke wangu."

Hilo hasa ndilo lililomtisha Karani. Baba asingekimbia, asingekinga uso, na asingemwita mtu. Karani alimtazama pale kitini, mzee mzima na shati limekaa upande, akajua kwamba ukirudi nyumbani mmoja wenu atatoka amebebwa.

Jumatano alikwenda kwa daktari bingwa akakaa nje ya mlango wake mpaka akaonwa. Daktari akamwambia ipo wodi moja tu inayopokea wagonjwa wa namna yako, wenye kusahau na kupiga. Ina vitanda kumi na viwili, na kimoja kimebaki wazi juzi. Sista mkuu wa pale ndiye anayeamua nani aingie. "Na usimpotezee muda," daktari akasema. "Hana simile huyo."

Alhamisi asubuhi Karani alikwenda na Baba, ambaye alikataa katakata kubaki nyumbani. Njiani kaka mkubwa akapiga simu. "Sikiliza," akasema, "usiwamwagie yote. Wakijua alivyo hawatamchukua. Sema ana hasira kidogo, akishaingia wataona wenyewe."

"Wataona wenyewe ndiyo imetufikisha hapa," Karani akasema. Lakini maneno ya kaka yalimkaa.

Baba akaachwa kwenye benchi la kolido. Ofisi ya sista mkuu ilikuwa chumba chembamba chenye kabati la chuma na dirisha linalotazama kamba za nguo. Sista mwenyewe alikuwa mwanamke mfupi, miwani imening'inia kifuani, hana haraka wala tabasamu. Akampa Karani fomu ya kurasa tisa. Karani akaijaza harakaharaka, mkono ukijua njia yake: hasira za hapa na pale, akibembelezwa hutulia, familia haijapata madhara.

Sista akaisoma yote. Kisha akaisukuma juu ya meza.

"Huyu hana haja ya kuja hapa, dada yangu. Huyu naweza kukaa naye hata sebuleni kwangu."

Karani akaishika ile fomu.

"Nina kitanda kimoja," sista akasema. "Kuna familia nyingine inakuja saa nane. Hao wameniambia baba yao alimkaba shingo binti yake. Sasa wewe niambie, nimpe nani, yule anayekaba au huyu wako anayetulia akibembelezwa?"

Akatoa fomu nyingine tupu. "Niandikie wa kweli. Siku gani, saa ngapi, alimpiga nani, alikuwa ameshika nini mkononi, na kilichotokea kabla. Hasa kabla." Akatoka, akafunga mlango.

Mama, Karani anajaza fomu za watu mwaka mzima. Siku hiyo kalamu ilimshinda. Kila mstari aliona anakuchongea kwa watu wasiokujua, wasiowahi kukuona na kilemba chako. Akaandika la mke wa kaka. Akaandika la jagi. Alipofika kwenye pasi akasimama kabisa, maana nje ya mlango alimsikia Baba akimweleza mtu wa benchini jinsi alivyoteleza bafuni, sabuni ilivyokuwa, hata rangi ya sabuni akaitaja. Karani akainama akalia kidogo, akapangusa karatasi kwa kiganja, akaandika pasi. Kurasa tisa hazikutosha; akaendelea nyuma.

Sista aliporudi alisoma polepole, na safari hii akavaa miwani. Akageuza, akarudi nyuma, akageuza tena.

"Alipompiga huyu wa jagi, mhudumu alikuwa amesimama wapi?"

"Karibu na kitanda."

"Upande gani?"

Karani akafumba macho, akakiona chumba. "Kulia kwake. Kitanda kiliegemezwa ukutani kushoto."

"Na mkwe?"

"Kulia. Alikuwa anamfunga kamba ya gauni." Akasita. Siri ile hakuwahi kumtolea mtu wa nje tangu azaliwe, na ilimtoka kama anaiba. "Sikio lake la kulia halisikii, sista. Miaka mingi sasa."

Sista akaweka karatasi chini. "Mmeandika wapi hilo?"

"Hatujaandika popote. Nyumbani hatusimami kulia. Siku zile tulisahau tu, tulikuwa na haraka."

"Kwa hiyo mama wa watu amekaa zake," sista akasema, "akili imemchanganyikia, hasikii mlango wala hatua wala salamu, anaona tu mikono imemvaa mwilini. Hata mimi ningepiga." Hakusema kwa ukali, na hilo lilimuuma Karani zaidi. "Mwite Mzee."

Baba akaingia, akasalimia, akakaa wima. Sista akaitazama plasta.

"Baba, mkono huo umepatwa na nini?"

"Niliteleza bafuni."

Karani hakuthubutu kumtazama. Alijua kwamba fomu yake inasema hivi na mume wa mgonjwa anasema vile, na kwamba saa nane inakaribia. Akijitetea yeye anamfanya baba yake mwongo mbele ya mgeni. Akaikazia macho fomu juu ya meza.

"Baba," sista akasema, "sikuulizi ili nimshitaki mtu."

Baba akaipapasa plasta, akawa kama anatafuta mwisho wake. "Alitaka shati langu alifue," akasema. "Lilikuwa safi. Nikamshika bega nimwambie ni safi. Hakunijua, sista. Aliniangalia kama mwizi. Yule hakuwa anampiga mume wake. Nilisema nimeteleza kwa sababu mke wangu hajanipiga."

"Ulimshika bega lipi?"

Baba akainua mkono wake mzima hewani, akaukumbuka mwili wako ulivyokuwa umesimama, akaugusa upande wa kulia. Akauacha pale. Alipoelewa, akaanza kulia kwa sauti, mzee wa miaka sabini na mmoja, mbele ya binti yake.

Ijumaa saa nne uliingia wodini.

Hatutapaka rangi. Hukupona, wala hukuacha kupiga. Mwezi wa kwanza ulimpiga kofi mhudumu mmoja mara mbili, na tabibu wa viungo ulimvunjia miwani. Lakini walijua. Kitanda chako kilihamishwa ili kila ajaye aje kutoka kushoto. Walikuogesha wawili wawili, mmoja akizungumza nawe muda wote. Vidole vikianza kukuchezacheza, waliondoka wakakuacha, wakarudi baadaye. Kufikia mwezi wa tatu ulikuwa unaruhusu kuchanwa nywele. Miezi tisa uliishi pale, na katika miezi hiyo hakuna aliyekufunga kamba wala kukufokea.

Baba alikuja kila siku saa kumi na chupa ya chai, akakaa kushoto kwako. Hukumjua tena, ila ulimvumilia.

Siku tano kabla hujatuacha, Karani alikuwepo. Ulimtazama Baba kwa muda mrefu, kisha ukamsogelea ukanong'ona, kama mtu anayeogopa kusikiwa.

"Mzee, wewe unamjua mume wangu?"

"Namjua," Baba akasema.

"Mkono wake umevunjwa. Pale nyumbani kuna mtu anampiga. Mwambie asirudi mpaka huyo mtu aondoke."

Baba akaiweka chini chupa ya chai. "Ameshaondoka, mama watoto."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Nyumba ni salama."

Ukashusha pumzi, mabega yakalegea, ukamshika mkono uleule uliouvunja.

"Basi mwambie aje anichukue," ukasema.

Wanaokukumbuka ni mumeo, aliyekaa na mkono wake mkononi mwako mpaka saa ya wageni kuondoka ikapita na hakuna aliyemfukuza. Mwanao wa kwanza, aliyeichana ile karatasi yake mwenyewe. Mkweo, ambaye amesema alama ya begani haimuumi. Binti yako Karani. Kitindamimba wako aliye mbali, aliyesomewa maneno haya kwa simu na kuyakubali. Na wajukuu wako watano.

Hatutakusahau, Mama. Wala hatutakuficha tena.