Mkoromo wa Kitenge

Jumatatu, 3 Juni 2024

Uvira tena! Ziwa jeupe, milima ya ng'ambo haionekani, nami nusu nimelala. Miaka yote hii chuoni — mapafu ya watoto, usingizi wa watoto — na nyumbani bado wananicheka: usingizi nao unasomewa? Profesa Sylvestre, msimamizi wangu, kapiga simu kutoka Bukavu. Anataka utafiti wangu uanze. Haya, natafuta wanaokoroma!

Alhamisi, 6 Juni

Mtaa wa Kasenga. Mtoto Kitenge, miaka mitatu. Mafindofindo ya kooni makubwa, karibu yagusane. Akilala, pumzi inakatika. Apasuliwe, hakuna njia nyingine. Dalila, mama yake, alikubali papo hapo. Bibi yake, Mama Aziza — hata kidogo! Mtoto ana jina la babu yake, marehemu mume wa bibi, naye mzee alikuwa mkoromaji hodari.

"Docta, ule njo bwana yangu, amerudia. Weye unataka kumunyamazisha?"

Kila mchana hujilaza kando ya mjukuu, husikiliza, husinzia akitabasamu. Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Nilimwonea wivu.

Jumapili, 9 Juni

Sikufanya kitu. Miguu majini, mawimbi yanaingia, yanatoka. Ningekuwa Mama Aziza, ningekubali? Lakini siku moja Kitenge anaweza asiamke. Naogopa.

Jumanne, 11 Juni

Nilimwomba Mama Aziza jambo moja tu: mchana huu asisinzie, tusikilize pamoja. Akacheka — kumbe na docta anapenda sauti ya mwanaume wangu!

Tukalala mkekani, mtoto katikati. Pazia likivimba na kunywea. Kitenge akaanza, mkoromo mzito wa mtu mzima. Bibi akafumba macho, uso ukawa wa msichana. Hata mimi nilielea usingizini. Nilimwona mzee mlangoni, kofia kichwani, anavua viatu.

Kisha kimya.

Kifua kinahangaika, hewa haipiti. Nikanyoosha mkono kumwamsha — pumzi ikarudi kwa kishindo.

Bibi alikuwa amefumbua macho. Akasema polepole: mzee naye alikuwa ananyamaza hivi hivi. Yeye, mkewe, alikuwa anafurahi, akidhani sasa usingizi umemkolea. Hata siku ile ya mwisho ya mzee, yeye alifurahi, akageukia ukutani, akalala.

"Docta. Miye ningemuamusha, angekuwa hapa?"

Naandika nikiwa bado mkekani. Kuhusu upasuaji hajasema ndiyo wala hapana. Mkono wake uko kifuani mwa mtoto, hauondoi, na macho yake yako kwangu. Anangoja nimjibu.