Malori ya Mwenye Kituo

Mwenzangu, usinipigie, siwezi kuongea. Soma tu.

Yule fundi viatu wa mlangoni pa ofisi yetu wamemkata mapanga. Mchana kweupe! Mpigapicha wetu amerekodi yote.

Nakaa kuhariri, naona wauaji wanashuka kwenye malori ya saruji. Malori ya nani? Ya mwenye kituo chetu cha TV! Jina lake liko kwenye milango ya malori, kubwa hilo!

Namwita mhariri mkuu. Anatazama. "Toa malori. Anza pale damu inapoanza."

Anza pale damu inapoanza!! Jamani!

Na kichwa cha habari eti "Makabila Mawili Yapigana", la fundi na langu. Yapigana wapi? Mzee wa watu alishika sindano na kiatu cha mtoto!

Nikayakata malori. Nina watoto, usinihubirie. Ikarushwa papo hapo.

Sasa ndugu zake fundi wameiona. Wamevunja geti, mlinzi wamempasua kichwa, wanauliza nani humu ni kabila langu. Niko chini ya meza.

Mwenye kituo kapiga simu, namsikia kwenye spika ya mhariri. Hajauliza nani kaumia.

"Mnawarekodi? Safari hii onyesheni kuanzia mwanzo."